Gari Likichemka Hali Limesimama: Anza na Feni

Wafanyakazi wenzetu wanaoendesha magari ya viwanda, na wale wanaobeba majani ya chai kutoka mashambani, wengi wanaijua Gikondo. Bonde hili la Kigali lilikuwa kwa miaka mingi makao ya viwanda na maghala ya forodha, na malori yaliyotoka Mombasa na Dar es Salaam yalisimama hapo yakingoja zamu. Viwanda vingi vimekwisha kuhamishwa kwa kuwa bonde ni la kinamasi, na bandari kavu ya Masaka imepokea sehemu ya mizigo. Lakini ugonjwa uliowatesa madereva katika foleni za Gikondo upo kila penye foleni: gari limekuja mbio kutwa nzima bila tatizo, limesimama nusu saa injini ikiunguruma, na mshale wa joto umegusa alama nyekundu.

Hapo ndipo lawama huanza. Tajiri husema dereva hakutia maji. Fundi wa njiani husema rejeta imeziba, au thamostati ing'olewe itupwe. Mwandishi wa makala hii aliwahi kukatwa mshahara kwa ajili ya gasketi iliyoungua katika foleni ya namna hiyo, na baadaye ikaonekana maji yalikuwamo tele. Iliyokufa ni feni.

Ndugu dereva, tazama jambo hili kwa akili. Gari likienda mbio, upepo wa njiani hupita wenyewe katika rejeta na kuyapoza maji. Gari likisimama upepo huo haupo. Kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo gari linalopoa likitembea na kuchemka likisimama linakuambia kwamba hewa haipiti. Rejeta iliyoziba ndani kwa kutu huonyesha ubaya wake zaidi kwenye mlima, gari likiwa na mzigo.

Zima injini kabla ya kutia mkono. Kama feni inavutwa na mkanda, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, umelegea. Kama feni ina klachi ya mafuta mazito, izungushe kwa mkono: ikizunguka ovyo mara nyingi kama gurudumu la baiskeli, mafuta ya klachi yamevuja na feni haivuti tena. Nzima huwa nzito kidogo mkononi.

Feni ya umeme ina ukaguzi wake. Acha injini ipate joto, wala usiweke mkono karibu, maana huwaka ghafla. Kama haiwaki, tazama fyuzi na rilei, kisha mpe fundi aipelekee mota umeme moja kwa moja kutoka betri. Ikizunguka, mota ni nzima. Kosa liko kwenye swichi ya joto au nyaya. Usikubali kununuliwa mota mpya kabla ya jaribio hili la dakika mbili.

Tazama pia kava la plastiki linalozunguka feni. Mafundi wengi hulitoa wasilirudishe, nalo ndilo linaloifanya feni ivute hewa kupitia rejeta yote. Na kwa magari ya mashambani, nyasi, matope na wadudu hujaa katika mapezi ya rejeta. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Jambo jingine ambalo dereva wa pwani halijui ni kimo. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na huku maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha rejeta hushikilia mgandamizo, na maji huweza kufika karibu nyuzi 115 bila kuchemka. Kifuniko kilichochoka raba kinaweza kuchemsha gari ambalo halina kosa jingine. Bei yake ni ndogo, kibadilishe mapema. Lakini kamwe usikifungue injini ikiwa moto! Wenzetu wameungua uso na kifua kwa kuharakia dakika thelathini.

Kuhusu thamostati, kuing'oa si dawa. Injini huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi, na feni iliyokufa inabaki imekufa. Kama feni, mkanda na kifuniko ni vizima na maji bado yanapungua, au povu linatoka kwenye rejeta injini inapowashwa ikiwa baridi, hapo shuku gasketi ya silinda hedi, na gari lisitembee.

Ukiwa katikati ya foleni na mshale unapanda, zima kipoza hewa, washa kipasha joto cha ndani kwa nguvu zote, ongeza moto kidogo kwa feni ya mkanda. Mshale usiposhuka, au ukiona mvuke, zima injini hata kama wa nyuma wanapiga honi. Kisha, kabla ya kulala, andika katika daftari la gari: tarehe, kilomita, mshale ulipofika, ulichokagua, na jina la mkubwa uliyemwarifu. Mwombe atie saini, nawe ubaki na nakala.