Msichana Aliyegonga Mlango wa Shule ya Wavulana

Mama mpendwa, umewahi kumsikia mtoto wa kike mwenye akili ya hesabu akiambiwa, "Hayo ni mambo ya wavulana"? Wengi wetu tumeyasikia maneno hayo. Pengine tumeyatamka wenyewe. Mwaka 1969 msichana mmoja wa miaka 13 katika jiji la New York, Marekani, aliyakataa. Kisa chake kimo katika historia ya shule ya sekondari ya Stuyvesant.

Ilianza na ufundi

Stuyvesant ni shule ya serikali, na wazazi hawalipi ada. Ilianzishwa mwaka 1904 ili kuwafundisha wavulana kazi za mikono pamoja na masomo ya kawaida. Baada ya muda sifa yake katika hesabu na sayansi ilienea, na waombaji wakazidi nafasi zilizokuwepo. Ndipo mwaka 1934 ukawekwa mtihani wa kuingia. Tangu hapo haikutosha mtoto kutaka kusoma pale. Ilimpasa awashinde wenzake.

Kwa watoto wa wahamiaji maskini, shule hii ilikuwa ngazi. Mfikirie Roald Hoffmann, aliyezaliwa Poland mwaka 1937 katika familia ya Kiyahudi. Wakati wa vita vya pili vya dunia baba yake aliuawa. Yeye na mama yake walifichwa darini mwa jengo la shule kwa zaidi ya mwaka mmoja. Humo gizani mama hakukaa bure. Alimfundisha mwanawe kusoma, na kwa vitabu vilivyohifadhiwa pale akamkaririsha jiografia, kisha akampima kwa maswali. Mwaka 1949 walifika Marekani. Mwaka 1955 Roald alimaliza Stuyvesant, na mwaka 1981 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake.

Alice agonga mlango

Lakini ngazi hiyo ilikuwa ya watoto wa kiume tu. Alice de Rivera alikuwa hodari wa hesabu, akataka kufanya mtihani wa kuingia Stuyvesant. Hakuruhusiwa hata kuufanya. Hakuna aliyesema kwamba hana uwezo. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa msichana.

Mwezi wa Januari 1969, akisaidiwa na mwanasheria mwanamke, Eleanor Jackson Piel, Alice alifungua kesi. Mwaka huohuo Bodi ya Elimu ya jiji iliamua kuwapokea wasichana. Mwezi wa Septemba wasichana wachache, kumi na kitu tu, waliingia katika madarasa yaliyojaa wavulana.

Je, Alice alikuwa miongoni mwao? Hapana. Familia yake ilikuwa imehama jijini. Aliufungua mlango, wakaingia wengine. Hata hivyo hakuacha masomo. Alikuja kuwa daktari. Mwaka 2013 Stuyvesant ilimtunukia cheti cha heshima, miaka 44 baada ya kesi ile. Siku hizi shule ina wanafunzi zaidi ya 3,000, na zaidi ya theluthi moja ni wasichana.

Mlango bado ni mwembamba

Tusidhani kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 1971 jimbo la New York lilitunga sheria kwamba matokeo ya mtihani mmoja ndiyo yaamue nani aingie. Wanaoutetea husema mtihani haumjui tajiri wala maskini. Wengine hujibu kwamba watoto hawaanzii mahali pamoja: mmoja amelipiwa masomo ya ziada kwa miaka, mwingine hajaambiwa hata kwamba mtihani upo. Mwaka 2019 shule ilitoa nafasi 895, na wanafunzi weusi waliopata walikuwa 7 tu, ingawa wao walikuwa karibu robo ya wanafunzi wa shule za serikali jijini humo. Mabishano hayo hayajaisha.

Nasi je, nyumbani kwetu?

Mama wa Roald hakuwa na shule, ubao wala chaki, lakini hakungoja vita viishe ndipo amfundishe mtoto. Alice naye hakusubiri akue ndipo aulize kwa nini.

Basi jioni ya leo tazama nyumbani mwako. Nani anaachiwa nafasi ya kusoma, na nani anaitwa jikoni kila anapofungua daftari? Kaka na dada wanaweza kugawana vyombo vya kuosha, na wakagawana pia mwanga wa taa. Binti akikuuliza swali la hesabu usilolijua, usimwambie aache. Mwambie, "Mwanangu, twende tukamuulize anayejua." Huenda mlango wake wa kwanza ukawa huo.