Mtoto Mnene Ukurasani

Mtoto asiyejua kusoma husomewa maneno ya kitabu, lakini picha huzisoma mwenyewe, tena mara nyingi. Ndiyo maana kitabu cha picha kinaweza kuhubiri upendo kwa maandishi huku michoro yake ikifundisha aibu.

Maggie Goes on a Diet cha Paul Kramer, kilichotoka Marekani mwaka 2011, hakikuificha aibu hiyo hata maandishini. Jalada linamwonyesha msichana mnene akijipimia gauni mbele ya kioo, na ndani ya kioo yeye ni mwembamba. Maggie, mwenye miaka 14, hutaniwa shuleni. Anabadilisha chakula, anafanya mazoezi, anapungua, kisha anakuwa nyota wa soka. Kula vizuri na kucheza ni mambo mema kwa mtoto yeyote. Ubaya uko kwenye mpangilio wa kisa, kwani heshima inakuja baada ya kilo kushuka, na wenye kumtania hawadaiwi lolote. Msomaji ambaye mwili wake haupungui hana mahali pake katika hadithi hiyo.

Vashti Harrison alilishika jambo hili kwa namna nyingine kabisa katika Big cha mwaka 2023. Mtoto wa kike anasifiwa kwa kukua, hadi siku anapokwama kwenye bembea ya watoto wadogo, na sifa ileile inageuka tusi. Kuanzia hapo Harrison anamchora akizidi kuujaza ukurasa, amejikunja, kingo za karatasi zikimbana. Tunachokiona ni dharau ya watu ikichorwa kama kuta. Mwishowe msichana anasukuma, na kurasa zinakunjuka kwenda nje ili kumpa nafasi. Mtoto aliyeshika kitabu ndiye anayezikunjua kwa mikono yake, na sijui mahubiri yanayoweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kisha msichana anayachambua maneno aliyoambiwa, anabaki na mazuri, na yaliyomuumiza anawarudishia wenyewe. Mwili wake ni uleule.

Msichana huyo ni mweusi, na hilo lina maana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu wazima Marekani huwaona wasichana weusi, hasa wa miaka 5 hadi 14, kuwa wanahitaji malezi na ulinzi mdogo kuliko weupe wa rika lao. Mwili ukiwa mkubwa, utoto unasahaulika upesi zaidi. Mwaka 2024 Harrison alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata medali ya Caldecott, ambayo wakutubi wa Marekani wamekuwa wakimtunuku mchoraji tangu 1938.

Tyler Feder, katika Bodies Are Cool cha mwaka 2021, hana kisa cha maumivu. Anachora umati wa watu wa kila umbo wakiogelea na kucheza. Vitabu vyote viwili, cha Harrison na cha Feder, vinahitajika, ila mtoto anayeitwa kibonge darasani aanze na kile kinachokiri kwamba ameumizwa.

Mzazi, kabla hujalipia kitabu, tazama picha ya mwisho. Kama mtoto amelazimika kupungua ndipo apendwe, kirudishe rafuni.