Jirani Wasipoketi Pamoja

Mwananchi wa Kintinku, wilayani Manyoni, hana haja ya kusafiri hadi Arusha ili aione kazi ya ujirani. Reli ya Kati yapita kwao. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo imechukua shehena za watu ambao wengi wa Kintinku hawatawaona kamwe: Warundi, Wanyarwanda na Wakongo. Mwaka 1921 Waingereza waliwakodisha Wabelgiji gati za Dar es Salaam na Kigoma milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Wenye nchi hawakuulizwa.

Twashangaa, basi, tuwasikiapo baadhi ya wenzetu wakisema kwamba mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mambo ya wakubwa, haimhusu mtu wa jembe wala wa karakana. Wasemao hivyo wameusahau mwaka 1977.

Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda chini ya usimamizi mmoja, makao yake Nairobi. Jumuiya ya kwanza, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, ikarithi kazi hiyo pamoja na bandari, posta na ndege. Juu ya yote palikuwa na Mamlaka ya marais watatu. Januari 1971 Idi Amin akatwaa serikali ya Uganda kwa bunduki, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye. Sisi hatumlaumu Mwalimu. Lakini ubovu wa mkataba ulidhihirika papo hapo: Mamlaka haikukutana tena, na manung'uniko juu ya mgawanyo wa faida, yaliyokuwapo tangu zamani na yenye haki ndani yake, yakakosa mahali pa kuamuliwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikachukua kipande chake cha reli. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983, na mali ikagawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984. Je, watumishi? Watu waliotumikia mashirika hayo kwa jasho lao waliendelea kudai mafao mahakamani hata baada ya mwaka 2000, wengine wakiwa wazee wa mkongojo, wengine wakidaiwa haki zao na wajane wao.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Leo ina nchi nane, nayo maamuzi ya wakuu wake bado yanataka makubaliano ya wote. Ikiwa watatu walishindwana, wanane hawana budi kujihadhari zaidi. Januari 2025 waasi wa M23 waliutwaa mji wa Goma. Kongo yaituhumu Rwanda kuwa nyuma yao, Rwanda yakana, na zote mbili ni wanachama. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya hii na wale wa SADC walikutana Dar es Salaam kudai mapigano yasimame. Rais wa Kongo alishiriki kwa njia ya video tu. Vita havikukoma kwa mkutano ule, ila twaona heri kikao cha namna hiyo kuliko kimya cha baada ya 1971.

Wakati huohuo reli mpya ya kisasa yajengwa kupitia Makutupora, huku huku Manyoni, na kupitia Tabora na Uvinza imekusudiwa ifike Musongati, Burundi. Watakaoiendesha watahitaji mafao yasiyotegemea urafiki wa marais. Nani atawalipa siku jirani wakigombana? Tanzania ina wabunge tisa wa kuchaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki. Twataka walipeleke swali hili Arusha na kurudi na jibu lililoandikwa, kabla treni ya kwanza haijavuka mpaka.