Polenta, bugali ya Waitalia: inavyopikwa, na sababu haifai kuliwa peke yake

Mtu akisikia chakula cha Italia, anafikiria kwanza makaroni na spageti. Lakini kaskazini mwa nchi hiyo, pande za Veneto, Lombardia na Piemonte, chakula cha wakulima kilikuwa polenta: bunga ya muhindi iliyopikwa ndani ya maji ya chumvi. Kwa mtu wa Bukavu, Goma ao Bunia, hiyo ni ndugu ya bugali.

Kuipika si kazi ngumu. Kunahitajika litre 1 ya maji, gramu 250 za bunga ya muhindi wa manjano isiyosagwa laini sana, na chumvi kidogo. Maji yakichemka, bunga inamwagwa polepole huku mwiko unazunguka, ili isifanye mabonge. Kiisha moto unapunguzwa. Hapa ndipo kuna tofauti na bugali: polenta inakaa kwenye moto dakika 40 mpaka 45, na inakorogwa mara kwa mara. Ikianza kuachana na sufuria, imeiva. Wazee wa Italia waliimwaga juu ya ubao na kuikata kwa uzi. Ile inayolala inakatwa vipande na kukaangwa asubuhi.

Pembeni yake Waitalia wanaweka maharagi, ao samaki mkavu kama kule Vicenza. Kwenye milima ya Aosta na Biella, wanachanganya ndani fromaji na siagi. Mwenye kuwa na fromaji ya Masisi anaweza kujaribu.

Hivyo vya pembeni si vya kuleta utamu tu. Katika miaka ya 1700 na 1800, wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia walikula polenta asubuhi, mchana na usiku, bila kitu kingine. Ngozi yao ilianza kuchubuka pale jua linapopiga, wakaharisha, akili zikachanganyikiwa, na wengi wakakufa. Mwaka 1771, daktari Francesco Frapolli wa Milano aliandika juu ya ugonjwa huo kwa jina la pellagra, ni kusema ngozi yenye kukwaruza.

Kwa muda mrefu waganga wengi walishitaki muhindi ulioharibika. Kumbe kilichokosekana ni vitamini inayoitwa niasini. Muhindi unayo, lakini imefungwa ndani, na tumbo linashindwa kuitoa. Wenyeji wa Mexico, kwenye muhindi ulitoka, walikuwa wanauchemsha na chokaa mbele ya kuusaga, na hiyo inaifungua. Wazungu walibeba mbegu, hawakubeba ufundi huo.

Pellagra si hadithi ya zamani tu, na si sawa na bwaki. Mwaka 1990 ilishika maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi. Msaada wao ulikuwa zaidi muhindi, na karanga zilikuwa zimekosekana.

Kwa hiyo familia inayoishi kwa bugali ya muhindi, zaidi ile inayotegemea msaada, itafute kitu cha kuweka pembeni: karanga, ndagala, sambaza, maharagi, nyama ikipatikana. Hata karanga za kusaga ndani ya sombe zinasaidia. Na mtu akiona ngozi ya mikono ao ya shingo inakuwa nyeusi na kuchubuka, huku anaharisha, asingoje: aende kituo cha afya. Pellagra ikijulikana mapema, inatibika.