Mizani Moja kwa Milango Miwili: Uhakiki wa Habari katika Orodha ya Maktaba

Orodha ya vitabu vya maktaba iliyowekwa katika kompyuta hupokea habari kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mkono: karani huketi mbele ya fomu, akaandika jina la kitabu, jina la mtungaji, mwaka wa kuchapwa na namba yake. Njia ya pili ni ya programu ijiendeshayo, ambayo husoma faili zilizoletwa na wachapishaji au maktaba nyingine, ikatia vitabu maelfu kwa usiku mmoja. Njia zote mbili huishia katika hifadhidata moja, na msomaji atafutaye kitabu hana haja ya kujua ni ipi iliyotumika. Kwa hiyo yapasa lile likataliwalo mlango wa mbele lisipokelewe mlango wa nyuma.

Mfano ulio wazi ni namba ya kitabu iitwayo ISBN, iliyofanywa kuwa kanuni ya mataifa mwaka 1970. Namba hiyo ilikuwa na tarakimu kumi, na ya mwisho ni ya kuhakikisha zile tisa. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 10, ya pili kwa 9, na kuendelea hivyo hata ya mwisho kwa 1. Jumla yake sharti igawanyike kwa 11 bila kubaki kitu. Namba 0-306-40615-2 hutoa jumla ya 132, nayo ni 11 mara 12. Basi ni sawa. Karani akikosea akaandika 40651 mahali pa 40615, jumla huwa 136, na kosa hudhihirika papo hapo.

Sasa tuseme kwamba sheria hiyo imeandikwa mara mbili, mara moja katika fomu na mara ya pili katika programu, na watu wawili tofauti. Wa kwanza alikumbuka kwamba tarakimu ya mwisho yaweza kuwa herufi X, maana yake 10. Wa pili aliihesabu ISBN kuwa namba ya kawaida tu. Basi programu yake huikataa X, na sifuri ya mwanzo huipoteza, kwa kuwa katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani. Tena, tangu tarehe 1 Januari 2007 ISBN imekuwa na tarakimu kumi na tatu, na hesabu yake ni nyingine. Fomu ikitengenezwa na programu ikasahauliwa, kitabu kimoja huweza kuandikwa mara mbili kana kwamba ni viwili, au msomaji huambiwa kitabu hakipo, ilhali kimesimama rafuni.

Dawa yake ni kuiandika sheria mara moja, mahali pamoja, na kuzilazimisha njia zote mbili zipite hapo. Mahali palipo imara kuliko pote ni ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa vizuio ambavyo lugha ya SQL huviita CHECK. Ikiwa sheria ni ndefu mno kwa kizuio, huandikwa kama kipande kimoja cha programu kinachoitwa na fomu na kwa programu ya usiku vilevile. Lakini kizuio hakina budi kujaribiwa kwa habari mbovu iliyotiwa makusudi. Hifadhidata ya MySQL, kwa miaka mingi, ilikubali CHECK iandikwe bila kuitekeleza, mpaka toleo la 8.0.16 la mwaka 2019.

Ingawa sheria ni moja, majibu yake ni mawili. Karani angali na kitabu mkononi, basi aambiwe mara moja, kwa maneno yaeleweka, ni wapi alipokosea. Programu haina kitabu cha kutazama. Yafaa iliyo sawa iipeleke mbele, na iliyokataliwa iiweke kando pamoja na sababu na namba ya mstari, mtu aje kuikagua asubuhi. Kuitupa kimya kimya ni kosa kubwa kuliko kuipokea.

Tena yafaa kukumbuka kwamba hesabu hupima umbo la namba, haipimi ukweli wake. Vipo vitabu vilivyochapwa na namba yenye kosa tangu kiwandani. Ndiyo maana mfumo wa MARC 21, utumiwao na maktaba nyingi, una sehemu maalumu ya kuandikia ISBN isiyo halali. Sheria isiyotoa nafasi kama hiyo humlazimisha karani kubuni namba ili fomu imruhusu kupita, na hapo uhakiki wenyewe umezaa uongo. Nafasi hiyo sharti iwepo katika milango yote miwili, kwa masharti yale yale.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Habari mbovu iliyokwisha kuchanganyika na njema maelfu ni shida kuitoa. Kuizuia mlangoni ni kazi ndogo, maadamu mabawabu wote wawili wanatumia mizani moja.