Mshahara Unaokatwa Kodi Lakini Hauhesabiwi

Maua ya bangi kule Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani, hupunguzwa majani kwa mikasi midogo, na haichukui muda utomvu unaigandisha. Mfanyakazi anaifuta kwa spiriti, anaendelea. Mwisho wa kipindi anapewa slipu kama karani yeyote: mshahara, makato ya hifadhi ya jamii, kodi ya serikali kuu, kinachobaki.

Aipeleke sasa slipu hiyo kuombea mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na FHA, shirika la serikali kuu linalowasaidia watu wa kipato cha kawaida kununua nyumba kwa malipo madogo ya kuanzia. Ataambiwa kipato hicho hakihesabiki, maana kimetokana na bangi.

Wananchi wa Colorado waliiruhusu bangi kwa watu wazima kwa kura ya mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. Lakini sheria ya nchi nzima ya mwaka 1970 ilikwishaiweka kundi moja na heroini. Jimbo linatoa leseni, Washington inaiita kosa. Hata hivyo kodi inapokelewa, na hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza: pesa iliyo safi ya kutosha kuingia hazina ya taifa inakuwaje chafu inapotafuta paa la kulalia watoto?

Mwaka 2014 Wizara ya Fedha ilizipa benki mwongozo wa kuhudumia biashara hizi, kwa sharti la kuandika ripoti za miamala ya kutiliwa shaka hata pale duka linapofuata sheria zote za jimbo. Benki nyingi zikajiweka kando. Ndiyo maana wapo waliolipwa noti ndani ya bahasha, na mwenye bahasha hana taarifa ya benki ya kumwonyesha mkopeshaji. Hata gari la kumfikisha kazini atalikopea kwa riba ya kuumiza. Sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo inakataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia, ndoa na umri. Kazi ya mtu haikutajwa. Mwenye shamba ana mawakili na wawekezaji. Mkata maua ana slipu tu.

Hata waliolitumikia jeshi hawakusalimika. Mwaka 2019 mbunge Katherine Clark wa Massachusetts alimtetea askari wa zamani aliyenyimwa mkopo wa nyumba wa maveterani kwa sababu ya kazi yake kwenye bangi.

Mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuzilinda benki zinazohudumia biashara hizi, kura 321 kwa 103. Seneti haikuupitisha. Septemba 2023 kamati ya Seneti ilikubali muswada mpya, wenye kifungu kinachotaka mshahara wa bangi halali uhesabiwe kama mshahara mwingine kwenye mikopo ya nyumba. Bunge lile likamaliza muda wake bila Seneti nzima kuupigia kura.

Aprili 15 ikifika, mkata maua anawasilisha hesabu zake za kodi, na mshahara wake wa bangi umo wote, hadi senti ya mwisho.