Shahidi Mdogo Chini ya Gari

Juma hili twawaletea wasomaji wetu, hususan akina mama wasafirio na watoto, maelezo ya kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia, ilhali roho zetu hukitegemea kila tupandapo gari.

Msafiri atokaye Pwani kwenda Nyansiongo, katika kaunti ya Nyamira, huiacha nchi ya minazi na joto akaingia nchi ya baridi na vilima vilivyovikwa majani ya chai. Barabara itokayo Kisii hupita Keroka ikielekea Sotik, ikipanda na kushuka. Asubuhi ukungu hulala mabondeni. Alasiri mara nyingi hunyesha mvua. Malori yaliyosheheni majani mabichi huelekea viwandani, na pembeni mwa barabara hupita wanafunzi na akina mama waliojitwika mizigo.

Tulikwenda huko wanawake watatu, kuhudhuria akika ya mjukuu wetu. Mjini Kisii tulikodi gari dogo. Tukasoma dua ya safari, na gari liliposhika kasi nikatupa jicho kwenye dashibodi. Mshale wa spidi ulikuwa umelala kwenye sufuri.

"Mwanangu," nikamwuliza dereva, "twaenda kwa mwendo gani?"

"Usijali, mama," akanijibu kwa adabu. "Huo mshale haufanyi kazi tangu ninunue gari. Mwendo naujua kwa macho."

Nilimwomba apunguze mwendo, naye akapunguza. Hata hivyo neno lile "kwa macho" halikunitoka moyoni. Jicho la mwanadamu hupima kasi kwa kutazama vitu vinavyopita: miti, nguzo, nyumba. Ukungu ukivificha vitu hivyo, jicho hupoteza mizani yake. Na aliyetoka kuendesha kwa kasi muda mrefu, akipunguza kidogo tu, huhisi kama anatambaa.

Kihisi mwendo ni nini?

Mshale ule hausomi mwendo wenyewe, husomewa. Zamani magari yalitumia waya wa chuma uliozunguka kutoka giaboksi hadi kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na kihisi mwendo, ambacho mafundi hukiita spidi sensa. Ni kifaa kisichozidi kidole kwa ukubwa, ambacho aghalabu hufungwa kwenye giaboksi, karibu na mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu.

Ndani ya giaboksi mna gurudumu la meno. Kila jino linapopita mbele ya kihisi, nguvu ya sumaku hubadilika, na kihisi hutoa mpigo mmoja wa umeme. Vihisi vingi hutumia kanuni aliyoigundua mwanafizikia wa Marekani, Edwin Hall, mwaka 1879, ya namna sumaku inavyoathiri umeme unaopita katika kipande cha madini. Kompyuta ya gari huhesabu mipigo hiyo: ikiwa mingi kwa sekunde, gari lakimbia, ikiwa michache, gari laenda polepole. Katika baadhi ya magari habari hiyo hutoka kwenye vihisi vya magurudumu, vilevile vinavyotumiwa na breki za kuzuia kuteleza.

Kwa hiyo kihisi ni shahidi. Kompyuta haina macho ya kuiona barabara; huamini aliloambiwa, kisha hutoa hukumu. Shahidi akinyamaza au akisema uongo, hukumu nyingi hupotoka pamoja.

Dalili za shahidi aliyenyamaza

Ya kwanza ni mshale kulala au kurukaruka, na hesabu ya kilomita kusimama. Katika magari mengi ya gia za mkono huenda hilo likawa ndilo tatizo kubwa la pekee. Gari la otomatiki hudhurika zaidi, kwani kompyuta huchagua wakati wa kubadili gia kwa kulinganisha mwendo wa gari na nguvu ya injini. Habari hiyo ikikosekana, gia hubadilika kwa kishindo, au kwa kuchelewa, au gari hung'ang'ania gia moja ili kujilinda. Injini huzunguka kwa wingi kuliko inavyohitajika, na petroli huisha upesi. Magari mengine huzimika yanapokaribia kusimama. Usukani unaosaidiwa na umeme, ambao hupangwa uwe mwepesi gari liendapo polepole na mzito kidogo likimbiapo, waweza kubadilika mkononi mwa dereva bila yeye kutarajia.

Mara nyingi taa ya injini huwaka. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ataona namba ya kosa. Iliyo maarufu kwa kihisi hiki ni P0500. Namba hiyo haisemi kwamba kihisi kimekufa. Yasema tu kwamba habari ya mwendo haifiki inavyopasa. Huenda waya umekatika, au plagi imeingia maji na kutu, au gurudumu la meno limevunjika. Fundi mwaminifu hukagua hayo kwanza kabla ya kumwambia mteja anunue kihisi kipya.

Kuna pia kosa lisilowasha taa yoyote. Mwenye gari akifunga matairi makubwa kuliko yaliyokusudiwa, kihisi kitaendelea kuhesabu kwa uaminifu, lakini kila mzunguko wa gurudumu utalipeleka gari mbali zaidi kuliko kompyuta inavyodhani. Mshale utasema 80, na gari litakuwa limepita hapo.

Shahidi anapozibwa mdomo kwa makusudi

Wakenya wengi wanaikumbuka Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa ziwe na mikanda ya usalama, na kidhibiti mwendo kisichoruhusu gari kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti hicho nacho hutegemea mipigo ya kihisi. Mwenye kuchomoa waya wa kihisi hukifanya kidhibiti kiamini kwamba gari limesimama, hata kama linashuka mlima kwa kasi ya kutisha.

Tufikiri maana yake. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kwa kila sekunde moja. Kabla dereva hajafikisha mguu kwenye breki, limekwishapita urefu wa nyumba kadhaa. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili breki zilisimamishe gari huongezeka mara nne. Anayelipa gharama ya waya ule ni mtoto anayevuka barabara kwenda madrasa au shule.

Dereva wetu hakuwa mtu mbaya. Tulipofika Nyansiongo, wakati sisi tukishughulika na akika, alilipeleka gari kwa fundi wa pale. Haikupita nusu saa akarudi, uso umembadilika. Kihisi kilikuwa kizima. Plagi yake ilikuwa imechomolewa na kufungwa vizuri pembeni kwa utepe. Aliyemuuzia gari ndiye aliyefanya hivyo, na tangu hapo hesabu ya kilomita ilikuwa haisogei. Kijana yule alikuwa amelipa bei ya gari lililotembea kidogo, kumbe amenunua lililochoka.

"Niliibiwa bila kujua, mama," akasema. Jioni aliturudisha Kisii, mshale ukipanda na kushuka mbele yetu, naye akiutazama.

Qur'ani Tukufu ina sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Tumezoea kuifikiria mizani ya duka na kibaba cha unga. Lakini hesabu ya kilomita ni kipimo pia, na anayeisimamisha kisha akauza gari bila kusema amempunja mnunuzi mali yake, na huenda amempunja abiria uhai wake.

Tufanye nini?

Kabla ya kukodi au kununua gari, tazama dereva anapowasha. Taa za dashibodi zinapaswa kuwaka kwanza, kisha zizimike. Taa ya injini isiyowaka kabisa huenda imezimwa kwa hila. Gari likianza kutembea, mshale usogee, na baada ya mwendo mfupi kilomita ziongezeke. Mnunuzi na aulinganishe uchakavu wa usukani, viti na pedali na kilomita zinazoonyeshwa.

Na tukiwa abiria, tusione haya kusema. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika ndani ya matatu za safari ndefu nchini Kenya vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayehatarisha maisha yao. Walilinganisha madai ya bima ya magari zaidi ya 2,000, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Hawakuongeza askari wala faini. Waliwapa watu ujasiri wa kufungua midomo tu.

Mama aliyempakata mwanawe ana haki ya kuuliza, "Mwanangu, mbona mshale umelala?" Swali hilo halimvunjii dereva heshima likiulizwa kwa upole. Kutawakali kwa Mola hakutuondolei wajibu wa kuchukua tahadhari, na dua ya safari haimruhusu mtu kuuchomoa waya.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awape madereva wetu hekima, na atujaalie tuwe wakweli katika vipimo vyetu vyote. Amin.